Mkesha wa densi: kabla hujalipa kiingilio, uliza maji yako wapi

Jumapili moja, yapata saa kumi na mbili asubuhi, vijana watatu walimleta mwenzao katika zahanati yangu wakiwa wamembeba mikononi kama mtoto mchanga. Alikuwa msichana wa chuo, umri wake miaka 20. Walisema ana malaria. Nilipomgusa, mwili ulikuwa moto kama jiko la makaa, na kipimajoto kilionyesha nyuzi 40.6. Alikuwa akisaga meno, moyo ukimwenda mbio, na hakujua yuko wapi. Blauzi yake ilikuwa imelowa jasho, na nyuma ya kiganja chake palikuwa na muhuri wa wino, ule wanaogonga mabawabu mlangoni mwa kumbi za burudani.

Niliwauliza mara tatu amemeza nini. Mara mbili walijibu, "Hakuna kitu, daktari." Mara ya tatu mmoja wao aliangua kilio. Akasema walikuwa wakicheza densi tangu saa nne usiku, kwamba mwenzao alimeza kidonge, na kwamba alianguka mwendo wa saa tisa. Saa tisa! Kwa saa tatu nzima walikuwa wamekaa naye ndani ya gari, wakimpa maziwa na Panadol, kwa kuhofia kwamba wakimfikisha hospitalini daktari ataita polisi.

Tulimvua nguo za juu, tukamlowesha maji, tukampepea na kumwekea barafu kwapani na shingoni. Kisha tukampeleka hospitali kubwa, ambako figo zake zilisumbua kwa siku kadhaa kabla ya kurudi kazini. Alipona. Lakini zile saa tatu garini nusura zimtie kaburini.

Alipokuja kuniona baadaye nilimwuliza swali ambalo sisi madaktari huwa tunalisahau: ukumbi wenyewe ulikuwaje? Aliniambia hakukuwa na dirisha lililofunguliwa. Maji yaliuzwa kwenye baa kwa bei ya bia, na mifereji ya msalani ilikuwa imefungwa.

Msomaji mpenzi, tukisikia kijana ameanguka kwenye densi, sote hunyoosha kidole kwa kile kidonge, na kweli kina lawama yake. Hata hivyo, kidonge hicho hicho humezwa ndani ya ukumbi fulani, wenye joto fulani, maji fulani na mlango fulani. Mambo hayo hayapangwi na mchezaji. Hupangwa na promota na mwenye ukumbi. Hiyo ndiyo habari ya leo.

Densi hii ilitoka wapi?

Muziki huu wa mitambo ulianzia Marekani. Mtindo wa hausi ulipata jina lake kutokana na klabu iliyoitwa Warehouse mjini Chicago, ambako Frankie Knuckles alianza kuchezesha santuri mwaka 1977. Tekno nayo ilizaliwa Detroit, mikononi mwa vijana Weusi kama vile Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Mwaka 1987 ma-DJ kadhaa wa London walikwenda likizo kisiwani Ibiza, Uhispania, wakarudi na muziki huo pamoja na desturi ya kucheza hadi kuche. Mmoja wao, Danny Rampling, alifungua klabu ya Shoom katika jumba la mazoezi ya viungo kusini mwa London. Kufikia mwaka 1989 mapromota walikuwa wakikodisha maghala na mashamba kando ya barabara kuu ya M25 inayozunguka jiji hilo, na maelfu ya vijana wakikesha huko. Karamu hizo ndizo zilizoitwa reivu.

Leo muziki huo uko mlangoni petu. Nairobi ina usiku wake wa hausi na tekno, Kilifi ina tamasha lake la mwisho wa mwaka, na ng'ambo ya mpaka, karibu na Jinja nchini Uganda, tamasha la Nyege Nyege limekuwa likivuta watu tangu mwaka 2015. Si nia yangu kuwakemea wanaopenda kucheza, kwani kucheza ni mazoezi mazuri ya moyo. Nataka mcheze na mrudi nyumbani mkiwa wazima.

Nani hula nini?

Ili uelewe suala la maji, sharti kwanza uelewe suala la fedha. Aghalabu karamu kama hizi huwa na wenyewe wawili. Promota hukodisha ukumbi, hulipa ma-DJ na matangazo, kisha hula pesa za kiingilio. Mwenye ukumbi naye hula pesa za baa. Basi maji ya bure ni hasara ya nani? Ni ya mwenye baa, ilhali promota huona kwamba maji si kazi yake. Fahali wawili wakipatana namna hiyo, nyasi ndiyo huumia.

Mfano mkubwa ni klabu ya Haçienda mjini Manchester, iliyofunguliwa mwaka 1982 katika jengo lililokuwa duka la kuuza mashua za starehe. Wenyewe walikuwa kampuni ya santuri ya Factory na bendi ya New Order. Reivu zilipopamba moto, ukumbi ulifurika watu lakini baa haikupata kitu, kwa sababu aliyemeza ekstasi hatamani bia, hutamani maji. Klabu hiyo maarufu duniani ilifungwa mwaka 1997, madeni na magenge ya wahalifu yakiwa yameielemea. Kwingineko Uingereza baadhi ya wenye klabu walipata ujanja wa kufidia baa zao. Walifunga maji baridi ya msalani na kuuza maji ya chupa kwa bei ya juu. Kwa hiyo mgonjwa wangu aliponisimulia habari ya mifereji iliyofungwa, nilitambua kwamba ujanja huo wa zaidi ya miaka 30 umesafiri pamoja na muziki.

Ni ndani ya Haçienda hiyo hiyo ambamo, mwezi Julai 1989, msichana wa miaka 16 alianguka baada ya kumeza ekstasi, akafariki. Kifo chake kilikuwa miongoni mwa vya kwanza vya aina hiyo kujulikana na umma wa Uingereza.

Mwilini hutokea nini?

Ekstasi, ambayo jina lake la kemia ni MDMA, ilitengenezwa kwanza na kampuni ya Merck ya Ujerumani mwaka 1912. Huufanya ubongo kumwaga kwa wingi kemikali zinazoleta furaha na uchangamfu. Wakati huo huo hupandisha joto la mwili, huharakisha moyo na kuizima ile kengele ya ndani inayokuambia "umechoka, kaa chini." Sasa mtu huyo mcheze saa tano mfululizo, ndani ya ukumbi usio na hewa, katikati ya miili mia kadhaa inayotoa joto. Jasho hutoka lakini halikauki, kwa maana hewa yenyewe imeshiba unyevu. Joto la mwili likipita nyuzi 40, misuli huanza kuyeyuka, mabaki yake huziba figo, na damu huweza kuanza kutoka mahali isipotakiwa. Ugonjwa huo huua.

Utasema, basi na anywe maji mengi. La, hapo pia pana mtego. Mwezi Novemba 1995, msichana kwa jina Leah Betts alimeza kidonge cha ekstasi nyumbani kwao Essex, Uingereza, kwenye sherehe ya kutimiza miaka 18. Alikuwa amesikia kwamba anayemeza ekstasi anywe maji. Akanywa kiasi cha lita saba kwa muda usiozidi dakika 90. MDMA huweza kuzuia figo kutoa maji, kwa hiyo maji yale yalibaki mwilini, yakapunguza nguvu ya chumvi katika damu, na ubongo wake ukavimba. Alifariki siku chache baadaye. Hatari hii huwapata zaidi wanawake.

Kipimo kinachofaa ni hiki: anayecheza na kutoka jasho atosheke na nusu lita kwa saa, yaani chupa moja ndogo, akinywa kidogo kidogo. Anayepumzika anywe nusu ya hapo. Maji ya matunda, au kitu chenye chumvi kidogo kama njugu, husaidia. Pombe haihesabiwi kuwa maji, kwani hukausha mwili.

Nawaonya hasa makundi mawili. La kwanza ni wanaotafuna miraa au muguka usiku huo huo. Miraa nayo huharakisha moyo na kupandisha shinikizo la damu, hivyo unakuwa umepanda ngazi mbili kwa mpigo. La pili ni wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya HIV zilizo na ritonavir. Dawa hii hulizuia ini kuivunjavunja MDMA, na kidonge kimoja huweza kufanya kazi kama vidonge kadhaa. Katika miaka ya 1990 mwanamume mmoja Uingereza alikufa kwa mgongano huo. Nakusihi usiache dawa zako za HIV kwa sababu ya sherehe. Kidonge cha sherehe ndicho cha kuachwa.

Masikio hayana vipuri

Hata asiyemeza chochote huweza kutoka ukumbini na kilema. Sauti hupimwa kwa desibeli. Sikio la binadamu huvumilia desibeli 85 kwa saa nane. Kila zinapoongezeka desibeli tatu, muda huo hupungua kwa nusu: 88 ni saa nne, 94 ni saa moja, na 100 ni robo saa tu. Ukikaa mbele ya spika usiku kucha, utasikia mlio kama wa nyenje masikioni asubuhi yake. Mlio huo ni vinyweleo vidogo vya sikio la ndani vikilalamika. Vikifa haviti tena, na hakuna duka la Kirinyaga Road linaloviuza.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwaka 2022 kanuni za kumbi salama: sauti isizidi wastani wa desibeli 100 kwa kila dakika 15, ipimwe na mtu anayejua kazi hiyo, wateja wapewe vizibo vya masikio, na pawe na mahali palipo kimya pa kupumzikia. Ukumbi ukikosa hayo, jisaidie mwenyewe. Nenda mbali na spika, pumzisha masikio mara kwa mara, na ununue vizibo vya sponji. Pamba haitoshi.

Mlango ni dawa pia

Ubaya mwingine hauhitaji kidonge wala spika. Tamasha la Love Parade lilianza Berlin mwaka 1989 na watu wapatao 150 tu. Tarehe 24 Julai 2010 lilifanyika mjini Duisburg, Ujerumani, katika uwanja uliokuwa wa reli ya mizigo, ukiwa umezungushiwa ua. Njia kuu, iliyopitia kwenye mahandaki na kupanda mteremko mmoja, ndiyo iliyotumiwa na waingiao na pia watokao. Makundi hayo mawili yalipokutana, watu 21 walikufa na mamia wakajeruhiwa. Waliokufa walibanwa vifua hadi wakakosa pumzi. Kesi dhidi ya maafisa wa mji na watu wa kampuni iliyoandaa tamasha ilianza Desemba 2017, ikakomeshwa mwezi Mei 2020 bila hukumu. Unaona basi, msomaji, ni afadhali kuuliza habari za mlango kabla ya kuingia kuliko kungoja mahakama iulize baadaye.

Uingereza ilijifunza nini?

Mwanzoni serikali ya huko ilitumia rungu. Sheria ya mwaka 1990 ilipandisha faini ya karamu zisizo na leseni hadi pauni 20,000 au kifungo cha miezi sita. Mwezi Mei 1992 maelfu ya watu walijazana kwa muda wa wiki moja kwenye nyika ya Castlemorton, na mwaka 1994 ikapitishwa sheria iliyowapa polisi uwezo wa kutawanya mikusanyiko kama hiyo. Vijana hawakuacha kucheza, ila waliondoka mashambani wakaingia kwenye klabu zenye leseni.

Hapo ndipo palipopatikana nafasi. Mwenye leseni ana anwani, na mwenye anwani huweza kuulizwa. Katika miaka hiyo ya 1990 baraza la jiji la Manchester, na mwaka 1996 jiji la London, yalitoa miongozo kwa wenye kumbi: maji baridi ya bure, hewa ya kutosha, chumba baridi cha kupumzikia na wafanyakazi wanaojua huduma ya kwanza. Tangu mwaka 2010, sheria huko Uingereza na Wales humlazimisha kila mwenye leseni ya kuuza pombe kumpa mteja maji ya mfereji bure akiyaomba.

Marekani ilipita njia nyingine. Mswada wa mwaka 2002 ulitaja maji ghali na vyumba vya kupumzikia miongoni mwa dalili za promota anayefuga mihadarati. Sheria iliyopita mwaka 2003 iliyaacha maneno hayo, lakini hofu ilikuwa imekwisha kuwaingia mapromota: je, nikiweka maji na muuguzi, si nitakuwa nimekiri kwamba najua kinachotendeka? Sheria ikimfanya mtu aogope kuweka muuguzi, anayelipa ni mgonjwa.

Maswali matano ya mlangoni

Hapa kwetu Katiba ya 2010 imezikabidhi serikali za kaunti kazi ya kutoa leseni za pombe na kusimamia burudani ya umma na kelele. Kaunti inaweza kuandika maji ya bure katika masharti ya leseni, na mwakilishi wako wa wadi ana mdomo wa kuuliza. Lakini usingoje hadi siku hiyo. Kabla hujatoa pesa yako, uliza:

Kwanza, maji ya kunywa ya bure yako wapi? Pili, kuna mahali pa baridi na kimya pa kukaa? Tatu, milango ya kutokea ni mingapi, na je, imefungwa kwa kufuli? Nne, nani anajua huduma ya kwanza humu ndani, na gari la kumfikisha mtu hospitalini liko wapi? Tano, mwenzangu akianguka, mabaunsa watanisaidia au watatutupa nje?

Promota mzuri atakujibu bila kununa. Akikucheka, peleka pesa yako kwingine. Mapromota hawasikii mahubiri ya daktari, lakini husikia upesi mlango ukikosa watu.

Mwenzako akianguka

Mtoe kwenye joto mara moja. Mvue nguo nzito, mlowe maji, mpepee, umwekee barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena. Akiwa amezirai lakini anapumua, mlaze ubavu ili asipaliwe na matapishi. Usimpe maziwa wala usimtapishe. Maziwa hayaondoi sumu hiyo, na mtu asiye na fahamu huweza kuyavuta mapafuni. Panadol nayo haishushi joto la aina hii. Usimlazimishe kunywa maji. Usimwache alale "ili dawa imtoke." Akichanganyikiwa, akitetemeka na kukakamaa, akiumwa sana na kichwa huku akitapika, au mwili wake ukiwa moto, mpeleke hospitalini papo hapo.

Mkifika, semeni kweli: amemeza nini, kiasi gani, saa ngapi. Daktari anauliza ili ajue tiba, si ili amshtaki. Kifungu cha 43 cha Katiba yetu kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na hakisemi "isipokuwa aliyetoka kwenye densi."

Nanyi wazazi, nina ombi moja. Mwambieni mtoto wenu leo, kabla ya sherehe yoyote, kwamba akipiga simu saa tisa usiku mtakwenda kumchukua, na maneno yatangoja hadi kesho. Wale vijana watatu walikuwa na simu mfukoni, na mamake yule msichana anaishi mwendo wa dakika 20 tu kutoka hapo walipoegesha gari. Hawakumpigia. Waliogopa ukali wake kuliko walivyokiogopa kifo.

Yule msichana angali anapenda densi. Juzi aliniambia kwamba siku hizi kitu cha kwanza anachofanya akiingia ukumbini ni kwenda msalani kufungua mfereji. Usipotoa maji, yeye na rafiki zake hurudi nyumbani.